Hewa Kavu, Pamba Nyepesi na Cheche Ghalani

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Masumbwe



Kila mwaka mvua zinapokoma na kiangazi kushika nchi, mambo mawili huonekana katika maghala ya vyama vya msingi. La kwanza ni kwamba pamba mbegu iliyopimwa na kulipiwa kwa uzito fulani hufika kiwandani ikiwa na uzito pungufu, ingawa hakuna kilo hata moja iliyoibwa. La pili ni cheche. Karani anayeburuta viroba vya plastiki ghalani hugusa chuma cha mzani akashtuliwa kidoleni. Mwendesha mashine ya kusaga husogeza mkono karibu na mkanda wa injini na kuona vinyweleo vimesimama. Pamba hung'ang'ania nguo, mabati na mikono kana kwamba imepakwa ulimbo.

Jambo la kwanza huleta ugomvi katika mikutano mikuu, na mara nyingine huwafikisha viongozi wa chama mbele ya vyombo vya sheria. La pili huchekwa na kusahauliwa. Lakini yote mawili yana chanzo kimoja, nacho ni ukavu wa hewa. Yafaa chanzo hicho kielezwe kwa ukamilifu, kwa sababu wapo watu wanaolitumia jambo la pili kuhalalisha dawa mbaya ya jambo la kwanza. Husema kwamba kuinyunyizia pamba maji kidogo si udanganyifu, bali ni kuondoa umeme na kuzuia moto. Katika maneno hayo mna chembe ya kweli. Uongo wenye chembe ya kweli ndani yake haujibiwi kwa kukemea tu, hauna budi kujibiwa kwa maelezo.

Umeme usiopita katika waya

Umeme ambao watu wameuzoea ni ule unaotoka kwenye jenereta au kwenye betri ukapita katika waya. Uko umeme mwingine usiopita popote, ambao hukaa juu ya kitu ukingoja. Huo huitwa umeme tuli. Habari za kale zinamtaja Thales, mwanafalsafa Myunani aliyeishi zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristo, kwamba alijua kuwa kaharabu ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Neno la Kiyunani la kaharabu, elektron, ndilo lililozaa majina ya umeme katika lugha za Ulaya. Hapa Masumbwe hakuna haja ya kaharabu. Kalamu ya plastiki ikisuguliwa kwenye nywele kavu mwezi wa Agosti, kisha ikasogezwa karibu na vipande vidogo vya karatasi, itavivuta. Jaribio hilo hilo likifanywa mwezi wa Machi, mvua ikinyesha, kalamu huvuta kwa unyonge au haivuti kabisa.

Sababu ya umeme huo kutokea ni kugusana na kuachana. Vitu viwili vya aina mbalimbali vikigusana, chaji kidogo huhama kutoka kimoja kwenda kingine. Vikiachana, kimoja hubaki na ziada na kingine hubaki na upungufu. Gunia la unga lililotulia halizalishi kitu. Unga unaotiririka ndio unaozalisha, kwa kuwa kila punje hugonga ukuta wa bomba, ikaachana nao, ikagonga punje nyingine, ikaachana nayo, mara elfu kwa elfu kabla ya kufika chini. Kadiri unga unavyokuwa laini ndivyo eneo la kugusana linavyokuwa kubwa, na kadiri unavyokwenda kasi ndivyo chaji inavyoongezeka. Ndiyo maana mashine ya kusaga, ambayo feni yake husukuma unga katika bomba hadi kwenye mfuko wa kitambaa unaochuja upepo, ni mahali pazuri pa kuujua umeme huu. Mkanda unaounganisha injini ya dizeli na kinu nao hufanya kazi hiyo hiyo, kwa kuwa muda wote hugusa gurudumu na kuliacha. Mwaka 1929 Mmarekani Robert Van de Graaff alitumia utepe wa hariri unaozunguka namna hiyo kukusanya umeme wa volti elfu nyingi. Mwendesha mashine wa kijijini anao mtambo wa jamaa hiyo, ila hakuuomba.

Pamba ni vivyo hivyo. Katika jineri, pamba huvutwa na upepo ndani ya mabomba ya bati, hupita kwenye visafishio, huvutwa na roli au misumeno inayotenganisha nyuzi na mbegu, kisha nyuzi hupeperushwa tena hadi kwenye shinikizo la marobota. Njia yote hiyo ni kugusana na kuachana.

Unyevu unafanya nini

Watu wengi hudhani kwamba hewa yenye unyevu hupitisha umeme na kwa hiyo huunyonya umeme tuli. Sivyo. Hewa, hata yenye mvuke mwingi, hubaki kuwa kizuizi kizuri cha umeme. Kama isingekuwa hivyo, nyaya zisizo na ganda zinazopita juu ya nguzo zingepoteza umeme wote wakati wa masika. Kazi ya unyevu hufanyika juu ya ngozi ya kitu chenyewe. Pamba, karatasi, mbao, unga wa mahindi na gunia la katani vyote hunywa mvuke kutoka hewani. Mvuke huo huingia ndani ya nyuzi na kutanda juu yake utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo, pamoja na chumvichumvi za asili zilizomo, ndio unaoipa chaji njia ya kutorokea kidogo kidogo hadi ardhini. Tofauti iliyopo kati ya pamba kavu na pamba yenye unyevu katika kupitisha umeme si ya mara mbili au tatu, ni zaidi ya mara elfu.

Hapa ni lazima maneno "unyevu wa hewa" yaeleweke vizuri. Kipimo kinachotumika ni asilimia ya mvuke uliopo hewani ikilinganishwa na mvuke wote ambao hewa hiyo ingeweza kubeba kwa joto lile. Hewa ya moto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Kwa hiyo, ikiwa alfajiri joto ni digrii 18 na unyevu ni asilimia 65, hewa ile ile ikipashwa na jua hadi digrii 31 saa nane mchana itakuwa na unyevu wa kama asilimia 30 tu, bila hata tone moja la maji kuondoka. Hiyo ndiyo sababu ghala hutulia asubuhi na kuanza kurusha cheche mchana. Unyevu ukizidi asilimia 60 au 65, vitu vinavyokunywa mvuke huwa havishiki chaji kwa muda mrefu. Ukishuka chini ya 30 au 40, chaji hukaa na kujikusanya. Mchana wa Julai na Agosti katika nchi hii ya juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na mbali na pwani, ukavu wa namna hiyo ni jambo la kawaida.

Ipo tofauti moja kubwa. Vitu visivyokunywa mvuke havisaidiwi sana na unyevu. Plastiki ni mojawapo. Kiroba cha plastiki hushika chaji hata siku ambayo gunia la katani au la pamba haliwezi kushika. Salfa nayo ni hivyo. Ndugu wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi, ambao tangu miaka ya 1980 na 1990 wameipulizia mikorosho yao unga wa salfa dhidi ya ubwiriunga, hufanya kazi hiyo alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ukiwa bado majanini ili dawa ishike. Umande husaidia jani kushika dawa, lakini hauondoi chaji katika unga wa salfa unaokimbia ndani ya bomba la plastiki la mashine. Kwa hiyo baadhi ya mashine hizo hufungwa waya au mnyororo unaoburutika chini, na mwenye kuukata kwa sababu unamsumbua miguuni amekata kinga yake.

Pamba nyepesi

Sasa jambo la uzito. Mvuke unaotuliza chaji ndio huo huo unaoonekana kwenye mzani. Pamba ni kama kibuyu chenye kitundu: hewa ikiwa na unyevu hunywa, hewa ikikauka hutoa. Maabara za nguo duniani hupima pamba nyuzi katika chumba chenye unyevu wa asilimia 65, kwa sababu bila kukubaliana juu ya hewa, hakuna makubaliano juu ya uzito wala juu ya nguvu ya uzi.

Ichukuliwe mfano wa chama kilichonunua kilo 1,000 za pamba mbegu mwanzoni mwa msimu, ambapo katika kila kilo 100 za pamba hiyo 10 zilikuwa maji. Maana yake pamba halisi, bila maji, ni kilo 900. Pamba hiyo ikakaa ghalani wiki kadhaa za kiangazi ikingoja lori, ikakauka hadi maji yakawa 7 katika kila 100. Zile kilo 900 hazikupungua, lakini sasa ni sehemu 93 katika 100 za mzigo. Gawanya 900 kwa 93, zidisha kwa 100: jibu ni kilo 967 na ziada. Kilo 32 zimekwenda hewani. Katika mzigo wa tani 50, upungufu huo unazidi kilo 1,600.

Mzee mwanachama husimama katika mkutano akauliza: "Mwanangu Katibu, pamba haina miguu. Hizo kilo zimekwenda wapi?" Swali hilo ni la haki. Mwanachama hakusomea habari za mvuke, na fedha inayokosekana ni yake. Lakini katibu naye, kama hakuandika kitu, hana jibu. Husema "imekauka", na neno hilo hilo ndilo linalosemwa na mwizi. Mkaguzi anayefungua daftari la ghala na kukuta uzito wa kununua na uzito wa kufikisha tu, bila tarehe za kukaa ghalani, bila kumbukumbu ya hali ya pamba ilipopokelewa, hawezi kumtetea mwaminifu wala kumnasa mwivi. Wote wawili wamefichwa na giza moja.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Katibu aliyepungukiwa kilo 1,600 na anayeogopa mkutano huelekezwa na rafiki kwamba ndoo chache za maji usiku wa kuamkia safari ya lori zitarudisha uzito. Mkulima naye, aliyesikia kwamba mwenzake amefanya hivyo na hakugunduliwa, hunyunyizia pamba yake kabla ya kuileta chamani. Wengine huongeza mchanga au chumvi. Na anayeulizwa hujibu: maji huondoa umeme, jineri wenyewe hupendelea pamba yenye unyevu.

Jibu la hoja ya maji

Ni kweli kwamba jineri hazipendi pamba iliyokauka mno. Wataalamu wa uchambuaji hupendekeza nyuzi ziwe na maji ya kama asilimia 6 hadi 7 zinapotenganishwa na mbegu. Zikikauka kuliko hapo, hasa zikishuka chini ya 5, hushika chaji, hung'ang'ania mabati ya mashine, huziba njia, na huvunjika kirahisi zinapovutwa. Uzi uliovunjika ni uzi mfupi, na uzi mfupi bei yake ni ndogo. Viwanda vya kusokota navyo vinajua hayo. Inasemwa kwamba hewa ya mvua ya Lancashire, Uingereza, ilikuwa mojawapo ya sababu zilizowafaa wasokotaji wa huko katika karne ya 19. Wafumaji wa huko walipoanza kuingiza mvuke mwingi wa moto katika mabanda ili nyuzi zisikatike, wafanyakazi waliugua na kulalamika mpaka Bunge likatunga sheria mwaka 1889 ya kuweka mipaka ya unyevu viwandani. Hata jina la Kiingereza la viyoyozi, ambavyo leo hudhaniwa ni starehe ya maofisini, lilibuniwa mwaka 1906 na Mmarekani Stuart Cramer, mhandisi wa viwanda vya pamba, kwa ajili ya kazi ya kurekebisha unyevu wa hewa viwandani.

Lakini katika habari hizo zote kinachoongezwa ni mvuke, hakuna anayemwaga ndoo. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mazungumzo haya. Uzi wa pamba mbichi una nta ya asili inayoufunika. Tupa kipande cha pamba mbegu juu ya maji katika beseni: kitaelea. Pamba ya hospitali huzama upesi kwa sababu imechemshwa na kuondolewa nta hiyo. Mvuke wa hewa hupita taratibu hadi ndani ya uzi na kuenea sawasawa. Maji ya ndoo hukaa juu ya nyuzi kama matone juu ya jani la yungiyungi, kisha hutelemka hadi kwenye mbegu na katikati ya mzigo. Matokeo yake ni kwamba nyuzi za nje, ambazo ndizo zitakazopita mashineni zikisuguliwa, hukauka tena safarini chini ya jua na kushika chaji vile vile, na katikati ya mzigo pamebaki maji ambayo hayakutakiwa.

Pamba mbegu ikizidi asilimia 12 ya maji si salama kuiweka. Mbegu hupumua, vijidudu vya ukungu huamka, mzigo huanza kupata joto kutoka ndani. Nyuzi hugeuka manjano, na pamba iliyonunuliwa kuwa pamba safi huwa pamba fifi. Mafuta ya mbegu huharibika na mbegu za kupanda hufa. Anayeweka mkono katikati ya mzigo wa namna hiyo huhisi joto kama la mkate uliofunikwa. Kwa hiyo mtu aliyedai kuzuia moto ameweka ndani ya ghala kitu kinachojipasha chenyewe.

Kuhusu moto wenyewe, inafaa kusema kwa haki kwamba cheche ya umeme tuli mara chache ndiyo inayochoma pamba. Moto wa pamba aghalabu hutokana na jiwe au kipande cha chuma kilichoingia na pamba kikagonga mashine, beringi iliyokosa grisi, bomba la moshi la lori, taa ya chemli, au kipisi cha sigara. Ghala ambalo watu huvuta sigara ndani yake halina sababu ya kujadili umeme tuli.

Mahali ambapo cheche ni hatari ya kweli

Ziko sehemu mbili ambapo cheche ndogo hutosha, nazo zipo katika vyama vingi.

Ya kwanza ni petroli. Mvuke wa petroli huwaka kwa cheche dhaifu sana, karibu mara mia dhaifu kuliko ile inayohitajiwa na vumbi la unga wa mahindi. Cheche ambayo mtu anaihisi kidoleni ina nguvu ya kutosha na kuzidi. Petroli nayo inapotiririka katika mpira au faneli ya plastiki huzalisha chaji kama unga unavyozalisha, na hapa unyevu wa hewa hausaidii kwa kuwa chaji imo ndani ya petroli yenyewe. Kwa hiyo petroli ya pikipiki au ya pampu ya chama isijazwe katika dumu lililo juu ya kiti, juu ya mzigo wa viroba au juu ya mkeka wa plastiki wa gari. Dumu liwekwe chini, juu ya ardhi tupu. Petroli imiminwe polepole, mdomo wa kumiminia ukigusa ukingo wa chombo. Na chombo kiwe cha chuma kila kinapopatikana, maana plastiki hukaa na chaji yake hata ikiwekwa ardhini.

Ya pili ni vumbi la unga lililojaa hewani ndani ya chumba kilichofungwa. Unga ulio guniani hauwaki kirahisi, bali uliotawanyika hewani huwaka kwa mlipuko. Tarehe 14 Desemba 1785, katika ghala la mwoka mikate mmoja mjini Torino, Italia, kijana aliyekuwa akikusanya unga kwa mwanga wa taa alisababisha mlipuko uliomwunguza uso na mikono. Aliyeandika habari hizo, Kaunti Morozzo, alizingatia jambo moja: kwamba kwa miezi mitano au sita mvua haikuwa imenyesha katika nchi ile, na mwoka mikate alisema hakupata kuona unga mkavu kama wa mwaka ule. Chanzo cha moto kilikuwa taa, lakini ukavu ndio ulioufanya unga upeperuke na kuwaka upesi. Na jambo hili halikuishia karne ile: mwaka 2008 vumbi la sukari lililipuka katika kiwanda kimoja cha jimbo la Georgia, Marekani, likaua watu 14.

Mashine ya kusaga ya kijijini ni ndogo, na nyingi huwa wazi pande zote, hivyo hatari yake si ya kulinganishwa na kiwanda. Hata hivyo zipo zilizofungiwa katika vibanda vya matofali vyenye dirisha moja, vumbi likiwa limelala juu ya kenchi kwa unene wa kidole. Vumbi hilo likitikisika ndilo huwa wingu. Dawa yake ni ufagio wa kila siku na dirisha la pili. Nchi hii ya migodi ina vumbi jingine, lile la mwamba unaosagwa kwenye makarasha. Hilo hushika chaji pia likiwa kavu, ila haliwaki. Ubaya wake ni mapafuni, na maji yanayotumiwa kusagia yana faida hapo kwa sababu nyingine kabisa.

Njia iliyo ya kweli ya kuondoa chaji katika mashine ni waya. Mwili wa kinu, bomba la chuma, fremu ya mfuko wa unga na fremu ya injini viunganishwe kwa waya wa shaba, na ncha ya waya ifungwe kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini. Kiangazi udongo nao hukauka ukakataa kupitisha umeme, kwa hiyo fimbo iende chini mpaka penye udongo wa unyevunyevu. Penye bomba la chuma lililokatwa na kuunganishwa tena kwa kipande cha mpira au plastiki, waya urukie kipande hicho, la sivyo sehemu ya mbele itakusanya chaji peke yake kana kwamba hakuna waya uliofungwa. Maji ya kunyunyizia sakafu kabla ya kufagia hayakatazwi, na huinua unyevu wa chumba kidogo. Hayo ni maji ya sakafu. Hayahusiani na pamba wala unga wa mwanachama.

Kumbukumbu za ghala

Kwa upande wa uzito, dawa ni kuandika. Pamba isipokewe ikiwa na umande. Mkulima achume jua likishakausha umande, na karani asione aibu kumrudishia mwanachama kiroba kilicholowa akaianike mbele ya ghala, hata kama mwanachama huyo ni mjumbe wa bodi ya chama. Karani mzoefu hutambua kwa kuuma mbegu: mbegu kavu hupasuka kwa mlio, mbegu yenye maji hubonyea. Penye kipima unyevu, kitumike. Siku ya kupokea, siku ya kupakia lori na siku ya kufikisha ziandikwe, kila moja na uzito wake. Baada ya misimu miwili au mitatu chama kitakuwa na kipimo chake chenyewe cha upungufu wa halali kwa kila wiki ya kukaa ghalani, na mkutano mkuu utaweza kukijadili na kukipitisha kabla ya msimu badala ya kukigombania baada yake. Upungufu unaozidi hapo ndio utakaodaiwa maelezo.

Kipimo cha hewa nacho si kitu cha gharama. Huhitaji vipimajoto viwili vinavyofanana, vikiangikwa ghalani mahali pasipopigwa na jua. Kimoja huachwa wazi. Kingine hufungwa kitambaa cha pamba kwenye tunguu yake, na ncha ya kitambaa hutumbukizwa katika chupa ya maji safi. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto, hivyo kipimajoto hicho husoma chini ya mwenzake, na hewa ikiwa kavu tofauti huwa kubwa. Kikavu kikisoma digrii 30 na chenye maji kikasoma 25, unyevu ni kama asilimia 67, na pamba na mashine zitakuwa tulivu. Kikavu kikisoma 30 na chenye maji 18, unyevu ni kama asilimia 30: siku hiyo pamba itatoa uzito, na mkanda wa mashine utauma. Vipimo visomwe saa mbili asubuhi na saa nane mchana, viandikwe katika safu mbili pembeni mwa daftari la ghala. Chupa ijazwe maji kila asubuhi kabla ya kufungua mzani, kwani kitambaa kikikauka vipimajoto vyote viwili vitasoma sawa, na daftari litaonyesha kwamba Masumbwe mwezi wa Agosti ilikuwa na hewa ya Zanzibar wakati wa masika.